Kayaki ya Viti Viwili

Kayaki ilinijia wakati wa baridi, katika majuma yale ya kiangazi ambapo vumbi jekundu la Lubumbashi hupanda mpaka kwenye kope na asubuhi watu huota jua wakiwa wameegemea kuta za nyumba zao. Nilikuwa nimeitwa kushusha viyoyozi katika nyumba ya mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake kwenye migodi. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana: friji, viyoyozi, vyumba vya baridi vya wauza nyama. Barazani kulikuwa kumejaa makatoni. Nyuma ya nyumba, chini ya bati, kulikuwa na chombo cha plastiki cha rangi ya chungwa, kirefu kama gari, kimelala kifudifudi.

Niliuliza ni nini. Mgeni akaniambia ni kayaki, ya kuvulia samaki, kisha akaigeuza ili niione vizuri. Ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na pembeni matundu ya kuchomekea fimbo za ndoano. Yeye na mke wake walikuwa wakienda nayo mabwawani siku za Jumapili. Mke alikwisha kutangulia kwao. Alisimama akiitazama kidogo, halafu akasema kwa Kifaransa chake cha kuvunjika kwamba haiwezi kupanda ndege, na kama ninaitaka niichukue.

Sikuwa nimewahi kutamani kitu cha namna ile. Nilizaliwa hapa mjini. Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya ukarani, na katika ukoo wetu wote sijasikia mtu aliyevua hata kambare mmoja. Samaki kwetu alitoka sokoni. Lakini niliviangalia vile viti viwili, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Ninaitaka."

Mke wangu alikuwa ameondoka tangu mwanzo wa mvua. Binti yetu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Ubelgiji, na mama yake akaenda kumsaidia, kama inavyopasa. Nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka uwanja wa ndege wa Luano, nikamshikia sanduku mpaka pale askari wanapokuzuia. Alikuwa amekwenda mpaka mtoto ashike shingo. Mtoto akashika shingo. Basi mpaka akae mwenyewe. Akakaa. Halafu mpaka aote meno, kwa sababu meno huja na homa. Halafu mpaka binti arudi kazini na azoee. Kila safari sababu ilikuwa ya kweli, na kila safari niliikubali. Mwana wetu mwingine yuko Kinshasa na ana nyumba yake. Kwa hiyo katika nyumba yetu ya Kampemba nilibaki mimi, na friji za watu zikingoja zamu uani.

Niliileta kayaki kwenye pikapu yangu, mkia wake ukining'inia nje na kitambaa chekundu nimeufunga. Mtaa wote ulitoka kuangalia. Jirani wa mbele, mwanamume wa Butembo anayepokea maroli ya maharage, alivuka barabara, akaigonga kwa vifundo vya vidole.

"Muzee, hii njo nini? Ni baignoire ya kuogea?"

"Ni chombo cha kuvulia samaki."

"Hapa Kampemba?" Alicheka mpaka akainama. "Sasa utavua mu mufereji gani?"

Nami nilicheka. Tulicheka pamoja vizuri, halafu simu yake ikalia, akarudi kwenye maroli yake, nikabaki kuivuta peke yangu mpaka ndani. Haikuenea uani kwa sababu ya zile friji. Niliilaza sebuleni, kati ya kabati na makochi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiketi kwenye makochi, haikumkera mtu.

Jioni mke wangu alipopiga, nilizungusha simu aione. Aliweka mkono mdomoni.

"Papa, unaweka pirogi mu salon yangu?"

"Ina viti viwili," nikamwambia. "Kile cha mbele ni chako. Ukirudi tutakwenda kwenye bwawa kule nyuma ya Luano."

"Weye na mayi, tangu lini?"

"Tangu leo."

Alitabasamu. Lakini hakusema atakaa wapi, mbele au nyuma, wala kwamba anaogopa, wala kwamba nimeshikwa na wazimu. Aligeuka kumwangalia mtoto, akaniambia amelala sasa, na tukaanza kuzungumza habari za mtoto.

Nilijiandaa kama fundi anavyojiandaa. Niliitafuta ile mifuniko ya nyuma na mbele, nikaifungua, nikaona ndani ni pango tupu. Nilikuwa na mizoga ya friji kadhaa isiyofaa tena. Nikalichuna lile povu gumu lililo katikati ya kuta zake, nikalikata vipande, nikavisokomeza ndani ya kayaki. Kitu kile hakizami hata ukikikanyaga. Fimbo za ndoano mgeni alikuwa ameniachia mbili, pamoja na kasia lenye makafi huku na huku na jile la kuelea. Jile lilikuwa la mke wake. Halikufunga kwenye tumbo langu.

Kuogelea nilijua kidogo, kwa namna ya watoto wa mjini tuliokuwa tukitoroka kwenda mto Kafubu: unapiga maji kama mbwa, unainua kidevu, unafika. Nilikuwa sijajaribu tangu niwe na ndevu.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bwawa lenyewe si kubwa. Zamani watu walikinga kijito, maji yakapanda na kufunika msitu, na mpaka leo vichwa vya miti iliyokufa vinatokeza katikati, vyeupe, ndege wakitua juu yake. Ukingoni kuna vichuguu virefu kuliko nyumba na matete mazito. Pale pikapu inapoweza kufika, niliwakuta wanawake watatu wanne wakilowanisha mihogo kwenye visima vidogo vya pembeni. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kitambaa cha buluu kichwani, aliacha kumenya, akanitazama nikihangaika kuishusha kayaki.

"Baba, jambo. Ile kintu iko na moteri?"

"Hapana, mama. Ni mikono tu."

"Na muntu wa kiti ya pili?"

"Hayuko."

"Atakuya?"

Nilisema atakuja. Akarudi kumenya mihogo yake.

Nilipoketi kwenye kiti cha nyuma na kusukuma, pua ya kayaki iliinuka juu kama ya mbuzi anayenusa. Nilipiga kasia kulia, ikazunguka kushoto. Nilipiga kushoto, ikazunguka kulia na kuendelea kuzunguka. Upepo mdogo tu ulitosha kuisukuma ile pua iliyoinuka kuelekea utakako upepo wenyewe, nami nikarudishwa ukingoni kinyumenyume, mbele ya wale wanawake, nikitoka jasho. Walijikaza wasicheke, wakashindwa.

Sikuhitaji kuelezwa. Friji ukiibeba bila compresa yake inakupindukia vilevile. Chombo kile kilitengenezwa kibebe watu wawili, na mmoja hayupo. Nilijaza mchanga kwenye mfuko wa unga, nikaufunga mdomo, nikauketisha kwenye kiti cha mbele. Pua ikashuka. Kayaki ikatulia, ikaanza kwenda nitakako.

Tangu siku ile mchanga ulikuwa abiria wangu. Nilikwenda kila Jumamosi, baadaye na siku nyingine za katikati ya juma kazi ilipopungua, na hivyo ndivyo nilivyojifunza, polepole na kwa aibu. Nilijifunza kwamba kasia halipigwi kwa mikono bali kwa kiuno. Nilijifunza kuchomeka fimbo nyuma yangu na sio mbele, maana mara ya kwanza nilipoitupa ndoano iliniingia kwenye mkono wa koti, nikakaa katikati ya maji nikipambana na nguo yangu mwenyewe. Nilijifunza kwamba bila nanga huvui, unatembea tu. Nikatengeneza nanga kwa kipande cha chuma cha compresa na kamba ya nailoni. Nyungunyungu nilichimba nyuma ya bafu. Samaki walikula nyungunyungu wangu kwa adabu, kichwa kwanza halafu mkia, wakaniachia ndoano safi.

Kwa muda mrefu sikupata kitu. Sikuwa na haraka, na nadhani sikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya samaki. Nyumbani kimya kilikuwa kinanisonga. Nilikuwa naacha redio ikilia chumbani nikiwa sebuleni, ili nisikie kama kuna mtu upande wa pili. Umeme ukikatika na redio ikanyamaza, nilisimama mlangoni nikiangalia watu wa barabarani wakipita na makaa, na mikate, na watoto mgongoni, mpaka urudi. Kanisani waliniuliza, "Mama atarudi lini?" kila Jumapili, kwa upendo, mpaka nikaanza kufika ibada ikiwa imekwisha kuanza na kuondoka kabla ya baraka. Lakini bwawani kimya kilikuwa cha mahali pale. Kilikuwepo kabla yangu. Hakikuwa kimya cha mtu aliyeondoka.

Hata hivyo kilikuwa na ndege zake. Zinapokuja kutua Luano zinapita juu ya bwawa, chini kiasi kwamba unaona magurudumu yakifunguka. Nilijua ile ya mchana wa Jumamosi inayoleta watu waliobadilisha ndege njiani kutoka Ulaya. Kila ilipopita niliinua uso. Nilijua hayumo. Angekuwemo ningekuwa nimevaa shati jeupe, nipo kule getini nikingoja sanduku. Lakini shingo iliinuka yenyewe.

Yaliyonipata yalinipata mwishoni mwa kiangazi, upepo ulipoanza kuvuma kwa vishindo na moshi wa misitu inayochomwa ukafunika jua. Joto lilikuwa kali. Lile jile la mke wa mgeni nilikuwa nimelikalia kama mto. Nilikuwa nimefunga nanga karibu na ile miti iliyokufa, mahali palipoonekana pazuri, na ndoano yangu ilinasa kwenye shina chini ya maji. Nilivuta. Haikutoka. Nilisogea pembeni, nikauingiza mkono kwenye maji kufuata mshipi, na wakati uleule upepo ukaja kwa ubavu. Kayaki iliinama kidogo tu. Lakini mchanga haujui kujishikilia kama mtu. Mfuko uliteleza kutoka kitini, ukaenda upande uleule niliokuwa nimeinamia, na chombo kizima kikageuka kama mkate kwenye kikaango.

Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyotazamia. Nilipotokeza, jambo la kwanza nililoliona ni tumbo la kayaki, la rangi ya chungwa, safi, linang'aa. Lile jile lilikuwa linaondoka na upepo. Nililidaka kwa ncha za vidole, nikaupitisha mkono mmoja ndani. Fimbo zote mbili zilikuwa zimekwenda. Mfuko wa mchanga ulikwenda chini.

Niliigeuza kayaki, ikakubali. Nilijivuta juu, nikaingiza kifua, ikanigeukia tena. Nilijaribu kwa upande mwingine, ikanimwaga. Plastiki ikilowa haina pa kushika, na mtu wa umri wangu na tumbo lake hajirushi juu kama samaki. Kila mara nilipoanguka nilimeza maji, na kila mara mikono ilikuwa mizito zaidi. Nilipaza sauti. "Eeh! Jameni! Eeh!" Sauti ilikwenda juu ya maji, ikagonga matete, ikaishia huko. Kona ile ya bwawa haionekani kutoka kwenye visima vya mihogo.

Nikaacha kujaribu kupanda. Nilijiambia kwa sauti, kama ninavyowaambia wateja, "Tulia kwanza. Tuone iliyoharibika ni nini." Kayaki ilikuwa inaelea, lile povu la friji lilikuwa limefanya kazi yake. Nanga ilikuwa imetushika. Niliitafuta kamba ya nanga, nikaifungua kwa meno kwa kuwa vidole havikukunjika tena, nikajilaza nyuma ya kayaki, kidevu juu ya mkia wake, nikaanza kupiga maji kwa miguu. Namna ile ya Kafubu. Tulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mara upepo ulitusaidia, mara ulituzuia. Mwishowe goti langu likagusa tope, nikajiburuta ndani ya matete, nikalala pale na nusu ya mwili majini, natapika maji ya bwawa.

Sikulia. Nililala nikiangalia mabua ya matete yakiyumba na nikawaza jambo moja: kama ningebaki kule, nani angeniulizia kwanza? Nilianza kuhesabu watu kwa mpangilio. Mke wangu angepiga Jumapili, simu isingepokelewa, angesema umeme umekatika. Mwanangu hupiga akipata nafasi. Jirani wa maharage angeona pikapu haipo, angedhani nina kazi Likasi. Basi mtu wa kwanza kunitafuta angekuwa yule dada anayeuza maji na jusi ya barafu sokoni, kwa sababu friza yake ilikuwa kwangu na nilimwahidi Jumatatu. Angekuja kugonga mlango, na angekasirika.

Nililicheka hilo, pale matopeni, na kicheko kile kilinitisha kuliko maji.

Nilizunguka ukingo kwa miguu nikiivuta kayaki kwa kamba, mpaka nikafika kwenye visima. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kwenda. Yule mama wa kitambaa cha buluu alikuwa peke yake, anapakia mihogo kwenye beseni. Aliniona, akaweka beseni chini.

"Mungu wangu. Baba, uko natetemeka hivi, juu ya nini?"

"Niligeuka kule kwenye miti."

Hakuuliza zaidi. Alikusanya majani makavu na vijiti, akawasha moto, akaniketisha, akanitupia mgongoni kitenge chake cha kubebea. Kilikuwa kinanuka mihogo iliyochacha. Kisha akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, na hapo ndipo alipoanza kunigombeza.

"Sasa kama ungekufwa, miye ningesema nini? Jina yako sijue. Nyumba yako sijue. Bapolisi bangeniuliza, ningebaambia paka hii tu: kulikuwa baba moja na kintu ya orange. Muntu anakufwa hivi, bila jina?"

Nilimwambia jina langu. Nikamwambia mtaa, na kanisa lililo pembeni, na kwamba waulize fundi wa frigo. Aliyarudia yote kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto anayetumwa dukani.

"Na muke yako?"

"Yuko Ulaya. Kwa binti yetu."

Akageuza kijiti motoni. "Kila mara ukifika, unipitie kwanza, nikuone. Na ukitoka mu mayi, unipitie tena. Unasikia?"

Nilisema ninasikia. Sikumbuki mara ya mwisho mtu alipotaka kujua nimetoka au nimeingia.

Jumapili jioni mke wangu alipopiga nilikuwa nimejifunika blanketi mbili. Nilikuwa nimeamua nisimwambie, lakini sauti yangu ilikuwa imekauka, akauliza.

"Nilianguka majini jana," nikasema. "Nilikuwa peke yangu. Sikuweza kurudi ndani ya kayaki."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake mtoto alikuwa anagonga kijiko kwenye sahani. Alimpa binti yetu mtoto, akaingia chumba kingine, akafunga mlango, nilisikia kitasa. Alipozungumza tena alikuwa analia.

"Papa, iko kitu natafuta siku ya kukuambia. Kila Jumapili nasema leo, halafu nashindwa."

"Niambie."

Akaniambia. Alikuwa amepata kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao, wazee wasio na watu. Karatasi zake zilikuwa zimekubaliwa. Wakubwa wake kazini walikuwa wakimsifu. Tangu awe mtu mzima hakuna aliyemsifu kwa kazi, kwa sababu kazi ya nyumbani haisifiwi. Hakuwa na mwanamume mwingine, alisema, nisiwaze hivyo, na sikuwaza. Hakutaka tu kurudi. Alikuwa amechoka na maji yanayokatika na umeme unaokatika na kungoja. Huko ana chumba chake, chenye dirisha, na mjukuu anamwita kwa jina la upuuzi alilolibuni mwenyewe.

"Na mimi?" nikauliza.

"Kuya," akasema. "Kuya, Papa. Tutajaribu karatasi zako."

Nilijiona huko, nimevaa makoti, nimekaa kwenye kiti cha jikoni kwa binti yangu tangu asubuhi nikingoja watu warudi kutoka kazini. Nilimwambia nitafikiri. Alijua mimi ni mtu ninayesema "nitafikiri" pale ninapokwisha kufikiri. Simu zilibaki zimewaka, kila mmoja akiliona paji la uso la mwenzake.

"Usirudi tena mu ile mayi," akasema mwishowe.

"Nitarudi," nikasema. "Lakini nitajifunza vizuri."

Hivyo ndivyo tulivyoachana, kama ile ni kuachana. Hakuna aliyekwenda mahakamani wala aliyerudisha mahari. Wazee wa familia zote mbili walikutana, wakanywa soda, wakasema tungoje. Yeye bado ananipigia Jumapili, naye bado ni mke wangu kwa kila mtu anayeuliza. Ila mazungumzo yamekuwa mafupi, na huwa tunaongelea mjukuu.

Nilimpa jirani wa maharage kazi moja: safari zake za mpakani aniletee jile la kuelea la mtu mnene. Alileta, na safari hii hakucheka. Majuma yaliyofuata sikuvua. Nilikwenda pale penye maji ya kifuani, karibu na visima, nikajiangusha makusudi. Nilijifunza kuinyoosha miguu nyuma juu ya maji kwanza, kupiga mateke mpaka mwili ulale, ndipo kulivuta tumbo juu ya kayaki kama unavyoparamia kitanda kirefu, kisha kugeuka na kuketi. Mara ya kwanza nilipofaulu, wale wanawake walipiga vigelegele. Nilirudia mpaka viwiko vikachubuka. Mchanga niliuweka mpya, lakini safari hii niliufunga kwa kamba huku na huku.

Joto la mwezi wa kumi lilifika, jakaranda zikamwaga maua kwenye barabara za mjini, na mawingu yakaanza kujikusanya alasiri bila kunyesha. Asubuhi moja nilipofika bwawani, hapakuwa na mtu kwenye visima. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule mama alikuwa kwenye kilio cha ndugu yake huko kijijini, na wenzake walikwenda naye. Nilisimama pale nikisubiri, nikaita mara moja, kisha nikaingia majini bila kuonwa na mtu.

Sikwenda kwenye miti. Nilifunga nanga pembeni mwa matete, nikatupa. Fimbo ilikuwa mpya, niliitengeneza mwenyewe kwa mwanzi. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Nilikuwa naangalia kundi la vipepeo weupe likivuka bwawa wakati mwanzi ulipoinama, si kama unavyoinama ukinasa shinani. Uliinama, ukaachia, ukainama tena. Kuna kitu hai kilikuwa upande wa pili wa mshipi, kinataka kwenda kwake. Nilikisikia mpaka begani. Nilisahau yote niliyojifunza, nikavuta tu, nikavuta, na tilapia akaruka ndani ya kayaki kati ya miguu yangu, mpana kama kiganja na nusu, kijivu na wekundu kidogo kwenye ukingo wa mkia, akijipigapiga kwenye plastiki kwa kelele kubwa.

"Ehe!" nikapiga ukelele. "Ehe, nimekupata!"

Nikageuka huku na huku kutafuta wa kumwonyesha. Vichuguu, matete, mbingu. Niliendelea kumshika, mikono miwili, mpaka akatulia.

Ukingoni nilingoja kidogo, labda wanawake wangetokea. Hawakutokea. Nilimfunga samaki kwa majani ya migomba, nikarudi mjini. Njiani nilifikiria kumpiga picha nimtumie mke wangu, nikaona nitafanya kesho.

Nyumbani nilimparua magamba kwenye karai, nikamkata mistari ubavuni, nikampaka chumvi na ndimu. Nilisonga bukari, ugali wetu wa unga wa mahindi. Mara nyingi nilikuwa nakula nimesimama jikoni, kwenye sufuria hiyohiyo. Siku ile nilifuta vumbi kwenye meza, nikatoa sahani ya kabatini, nikanawa mikono, nikaketi. Nilisali sala ya chakula yote, mpaka mwisho, kwa sauti.

Ngozi ilikuwa imekauka vizuri. Nyama yake ilikuwa na ladha kidogo ya tope. Nilikula upande mmoja, nikamgeuza, nikala upande wa pili, nikatoa miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani. Nje mtu alikuwa anauza mayai ya kuchemsha, akiita. Nilikula na kichwa pia, na macho, kama baba yangu alivyokuwa akila, halafu nikaosha sahani.